Kikokotoo cha pensheni nchini Tanzania

Kikokotoo cha pensheni (katika mazungumzo ya kila siku pia kikotoo) ni kanuni ya hesabu inayotumika nchini Tanzania kupata kiasi ambacho mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii atalipwa anapostaafu. Kanuni hiyo hutoa majibu mawili: malipo ya mkupuo, ambayo wengi bado huyaita kiinua mgongo, na pensheni ya kila mwezi ambayo mstaafu ataipokea hadi mwisho wa maisha yake.

Tangu mwaka 2018 neno hili limetoka katika ofisi za mifuko na kuingia katika vyumba vya walimu, wodi za hospitali, mabunge na sherehe za Mei Mosi. Mjadala wake kwa kawaida huhusu asilimia ya mkupuo: 50, 25, 33 au 40. Chanzo chake lakini ni cha zamani zaidi, nacho ni deni la serikali kwa watumishi wake yenyewe.

Mifuko kabla ya 2018

Mfuko wa kwanza kuwahusu wafanyakazi wa sekta binafsi katika Tanganyika huru ulikuwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi (NPF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1964. Kama jina linavyoonyesha, ulikuwa mfuko wa akiba: mtu alirudishiwa alichochanga pamoja na riba, na hapo habari ikaisha. Mwaka 1997 sheria mpya iliugeuza kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), unaolipa pensheni. Mashirika ya umma yalipata mfuko wao, PPF, mwaka 1978. Watumishi wa serikali za mitaa walikuwa na LAPF, yenye asili yake mwaka 1944, na baadhi ya watumishi wa serikali wasio wa masharti ya kudumu walikuwa GEPF, yenye asili ya mwaka 1942. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, ulioanzishwa mwaka 1998, na makala hii haiuhusu.

Walimu, wauguzi, makarani na watumishi wengine wa serikali kuu walikuwa katika hali ya pekee. Chini ya sheria ya pensheni ya mwaka 1954, iliyorithiwa kutoka kwa utawala wa Waingereza, hawakuchanga chochote. Hapakuwa na mfuko. Mtumishi alipostaafu Hazina ilimlipa kutoka katika makusanyo ya kodi ya mwaka ule ule. Utaratibu huu ulionekana rahisi wakati watumishi walikuwa wachache na wastaafu wachache zaidi. Kadiri waajiriwa wa miaka ya 1970 walivyokaribia umri wa kustaafu, ilionekana wazi kwamba bajeti isingewabeba.

Kwa hiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 1999, iliyoanzisha PSPF. Kuanzia Julai 1999 mtumishi alianza kukatwa asilimia 5 ya mshahara wake na serikali, kama mwajiri, ikawa inachangia asilimia 15. Waliostaafu kabla ya mfuko kuanza kulipa waliendelea kulipwa na Hazina, na ndiyo sababu hadi leo nchini kuna wastaafu wa aina mbili, "wa Hazina" na "wa mfuko". Kima cha chini cha pensheni ya wa Hazina kilipandishwa mwaka 2015 kutoka shilingi 50,114 hadi shilingi 100,125 kwa mwezi.

Deni la kabla ya 1999

Sheria ya 1999 iliacha jambo moja ambalo matokeo yake yanaonekana hadi sasa. Mfuko mpya ulitakiwa kumlipa mstaafu kwa utumishi wake wote, pamoja na miaka ambayo hakukuwa na mchango hata shilingi moja.

Tuchukue mwalimu aliyeajiriwa Julai 1979 akastaafu Julai 2014. Ametumikia miaka 35. Miaka 20 ya kwanza hakuna mchango wake wala wa serikali uliowekwa popote, na miaka 15 ya mwisho ndiyo yenye michango. PSPF ilimlipa kwa miaka 35, tena kwa kipimo cha mshahara wake wa mwisho, ambao ulikuwa mkubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Sehemu nne kati ya saba za pensheni yake zilikuwa jukumu la serikali, na serikali ilipaswa kuupelekea mfuko fedha za kufidia sehemu hiyo. Haikuzipeleka kwa kiwango kilichotakiwa. Mfuko ukalipa kwa kutumia michango ya vijana waliokuwa bado kazini.

Deni hili lilipohakikiwa lilizidi shilingi trilioni 4. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zililitaja mwaka baada ya mwaka kuwa tishio kwa uhai wa PSPF. Juu yake kulikuwa na mikopo ambayo mifuko iliitoa kwa ajili ya miradi ya serikali. Majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, yalijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za mifuko ya pensheni, na marejesho yake yalichelewa sana. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililozinduliwa Aprili 2016, liligharimiwa na NSSF kwa asilimia 60 na serikali kwa asilimia 40. Si uwekezaji wote ulioshindwa, na chuo na daraja vinatumika kila siku. Lakini mfuko wa pensheni haupimwi kwa uzuri wa majengo. Unapimwa kwa fedha zilizopo siku mstaafu anapofika dirishani, na katikati ya miaka ya 2010 wastaafu wa PSPF walifika dirishani wakaambiwa wasubiri, wengine kwa miezi mingi.

Kuunganishwa kwa mifuko

Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Usimamizi wa Sekta ya Hifadhi ya Jamii (SSRA), iliyopewa kazi ya kuoanisha mafao ya mifuko yote. Kanuni zake za mwaka 2014 ziliweka kikokotoo kimoja kwa wanachama wapya, lakini waliokuwa tayari PSPF na LAPF waliachwa na hesabu yao ya zamani.

Hatua kubwa ilikuja na Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018. PSPF, PPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, wenye makao makuu Dodoma, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. NSSF ilibakiwa na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Mwaka uliofuata SSRA ilivunjwa na kazi zake kuhamishiwa serikalini. PSSSF ilirithi mali za mifuko minne, na ilirithi pia foleni ya wastaafu wa PSPF, ambayo ilikuwa kazi yake ya kwanza kuipunguza.

Hesabu inavyofanyika

Ili kupata pensheni, mwanachama anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60. Wahadhiri wa vyuo vikuu na madaktari bingwa wana utaratibu wao. Kuna namba nne za kuzingatia: mshahara wa mwaka unaotumika katika hesabu, idadi ya miezi ya utumishi, kigawanyo (540 au 580), na kizidisho cha mkupuo (15.5 au 12.5). Pensheni kamili ya mwaka hupatikana hivi:

pensheni ya mwaka = mshahara wa mwaka × miezi ya utumishi ÷ kigawanyo

Sehemu ya pensheni hiyo (asilimia 50, 25, 33 au 40) huuzwa, kwa kuizidisha na kizidisho, na kuwa mkupuo. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya mwezi.

Mfano ufuatao unamhusu mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi aliyetumikia miezi 360, yaani miaka 30.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF (kigawanyo 540, kizidisho 15.5, asilimia 50), pensheni ya mwaka ni 12,000,000 × 360 ÷ 540 = shilingi 8,000,000. Nusu yake, 4,000,000, ikizidishwa kwa 15.5 inatoa mkupuo wa shilingi 62,000,000. Nusu ya pili inatoa pensheni ya shilingi 333,333 kwa mwezi.

Kwa kanuni za 2018 (580, 12.5, asilimia 25), pensheni ya mwaka inashuka hadi shilingi 7,448,276. Mkupuo ni shilingi 23,275,862 na pensheni ya mwezi ni shilingi 465,517.

Kwa kanuni za 2022 (580, 12.5, asilimia 33), mkupuo ni shilingi 30,724,138 na pensheni ya mwezi shilingi 415,862.

Kwa kiwango kilichotangazwa mwaka 2024 (asilimia 40, mengine yakibaki vilevile), mkupuo ni shilingi 37,241,379 na pensheni ya mwezi shilingi 372,414.

Msomaji atakayekaa na kalamu ataona mambo mawili ambayo hotuba nyingi huyapita. La kwanza, asilimia ya mkupuo si sehemu pekee iliyobadilika. Kigawanyo kilipotoka 540 kwenda 580, pensheni nzima ilipungua kwa karibu asilimia 7, na kizidisho kilipotoka 15.5 kwenda 12.5, kila shilingi ya pensheni inayouzwa ilipungua bei kwa karibu moja ya tano. Hata asilimia 50 ingerudishwa leo bila kugusa namba hizo mbili, mkupuo wa mtumishi wetu ungekuwa shilingi 46,551,724, si 62,000,000. Zaidi ya hayo, kanuni mpya hutumia wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora katika miaka kumi ya mwisho, badala ya mshahara wa mwisho peke yake; kwa aliyepandishwa daraja karibu na kustaafu, wastani huo ni mdogo.

La pili, mkupuo mkubwa zaidi haumaanishi mafao makubwa zaidi. Kati ya asilimia 33 na asilimia 40, mstaafu anaongezewa shilingi 6,517,241 mkononi na kupunguziwa shilingi 43,448 kila mwezi. Baada ya miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, punguzo la kila mwezi linakuwa limekula nyongeza yote. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 na kuishi zaidi ya miaka 72 na nusu angepata jumla kubwa zaidi kwa asilimia 33, ingawa fedha za mkononi leo zina thamani ambayo bei zinazopanda huzinyima fedha za kesho.

Ukilinganisha kiwango cha 2024 na kile cha zamani cha PSPF, picha ni tofauti kabisa. Mkupuo umepungua kwa shilingi 24,758,621 na pensheni ya mwezi imeongezeka kwa shilingi 39,081 tu. Ingemchukua mstaafu karibu miaka 53 kufidia tofauti hiyo. Hapo huwezi kusema kwamba fedha zimehamishwa kutoka mkupuo kwenda pensheni ya mwezi, zimepunguzwa.

Upande wa mfuko nao una hesabu yake, na ni haki kuieleza. Michango ya asilimia 20 kwa mshahara wa shilingi 1,000,000 ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na kwa miezi 360 ni shilingi 72,000,000. Kwa kanuni ya zamani, shilingi 62,000,000 ziliondoka siku ya kwanza, na shilingi 10,000,000 zilizobaki zingetosha pensheni ya miezi 30. Kwa kweli hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hakuna anayeanza kazi na mshahara wa kustaafia. Michango ya miaka ya mwanzo ilikuwa midogo sana. Faida ya uwekezaji na michango ya waajiriwa wapya ndiyo iliyotakiwa kuziba pengo, na ajira mpya serikalini zilikuwa zimepungua. Watakwimu bima waliokagua mfuko hawakukosea hesabu. Lililolalamikiwa ni kwamba pengo lilichanganya gharama halisi za kanuni ya zamani na deni la serikali, kisha vyote vikatafutiwa dawa moja kwa mstaafu.

Mgogoro wa 2018

Kanuni za 2018 zilipoanza kutumika, watumishi waliokuwa PSPF na LAPF waligundua kwamba mkupuo wao ungekuwa chini ya nusu ya ule waliopata wenzao waliostaafu miezi michache kabla. Aliyekuwa katika chumba chochote cha walimu mwishoni mwa mwaka ule atakumbuka karatasi za hesabu zilivyopita mkono kwa mkono. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania (TUCTA) na vyama vyake vilipinga. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama hivyo Ikulu, Dar es Salaam, akaagiza kila mfuko uliounganishwa uendelee kutumia kikokotoo chake cha awali hadi mwaka 2023.

Wanachama wa NSSF na waliokuwa PPF hawakuwa na sababu sawa ya kulalamika, kwa kuwa wao walikuwa tayari katika asilimia 25. Tofauti hii inasahaulika mara nyingi. Kilichokuwa punguzo kwa mwalimu kilikuwa hali ya kawaida kwa mfanyakazi wa kiwanda, na mwaka 2022 kikawa nyongeza kwake.

Kanuni za 2022, hatifungani na bajeti ya 2024

Baada ya majadiliano kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, kikokotoo kimoja kwa mifuko yote miwili kilianza tarehe 1 Julai 2022, kikiwa na mkupuo wa asilimia 33. Hakikungoja 2023.

Katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilikuwa imechukua hatua nyingine, ambayo haikupigiwa kelele sana ingawa ina uzito kuliko asilimia yoyote. Ilitoa kwa PSSSF hatifungani maalumu isiyo taslimu yenye thamani ya takriban shilingi trilioni 2.17, kulipa sehemu ya deni la kabla ya 1999. "Isiyo taslimu" maana yake mfuko haukupokea fedha. Ulipokea hati ya serikali inayozaa riba na itakayolipwa baadaye. Deni ambalo kwa miaka zaidi ya 20 lilikuwa ahadi tu likaingia rasmi katika deni la ndani la taifa, na takwimu za Benki Kuu za kipindi hicho zinaonyesha deni hilo likipanda kwa sababu hiyo. Nchi haikukopa upya. Ilikiri ilichokuwa inadaiwa.

Mifuko ya pensheni, pamoja na benki za biashara, ndiyo inayoshika sehemu kubwa ya deni la ndani la Tanzania, kwa kuwa hununua pia hatifungani za kawaida, zikiwemo zile za miaka 20 na 25. Hivyo mtumishi anasimama katika pande zote za meza. Kama mlipakodi anachangia kulipa riba ya hatifungani, na kama mwanachama anategemea riba hiyo hiyo imlipe pensheni. Mchango wa asilimia 15 wa serikali nao unatoka katika kodi. Mchango wake mwenyewe hutolewa katika mshahara kabla ya kukokotoa kodi ya mapato ya ajira (PAYE), ambayo kiwango chake cha chini kilipunguzwa mwaka 2021 kutoka asilimia 9 hadi 8.

Malalamiko hayakuisha. Katika hotuba ya bajeti ya tarehe 13 Juni 2024, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alitangaza kwamba waliokuwa katika kundi la asilimia 50 kabla ya kushushwa hadi 33 watapata asilimia 40, na waliotoka asilimia 25 kwenda 33 watapata asilimia 35. Kuanzia Januari 2025 PSSSF iliongeza pensheni kwa asilimia 2 na kupandisha kima cha chini kutoka shilingi 100,000 hadi 150,000 kwa mwezi. Mstaafu akifariki, wategemezi wake hulipwa mkupuo unaolingana na pensheni yake ya miezi 36.

Mkupuo na maisha ya mstaafu wa kijijini

Hoja ya serikali kwamba mkupuo mkubwa hutapanywa, na kwamba pensheni ya mwezi humlinda mzee, ina ukweli wake. Kila wilaya ina hadithi za viinua mgongo vilivyoishia kwenye basi bovu. Inapuuza hata hivyo jinsi mkupuo unavyotumika mikoani. Katika Mkoa wa Njombe, kwa mfano, mtumishi anayestaafu Makambako au katika kata kama Yakobi mara nyingi hana nyumba aliyomaliza kujenga, kwa sababu mshahara wa mwalimu au muuguzi haumalizi nyumba. Mkupuo ndio unaoezeka. Kinachobaki huingia shambani: viazi mviringo, ambavyo hulipa msimu huo huo, parachichi, ambazo mche wake uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, au miti ya misindano, inayohitaji zaidi ya miaka kumi kabla ya kuvunwa mbao. Kwa mtu huyu pensheni ya shilingi 40,000 zaidi kwa mwezi hununua sukari na sabuni. Haiwezi kununua miche ya ekari nzima wala kulipa vibarua wa kuipanda, na mstaafu wa miaka 60 anayedunduliza ili apande misindano akifika 65 ataivunisha warithi.

Wakulima hao hao anaojiunga nao, ambao hawakuwahi kuajiriwa na mtu, ndio walio wengi mkoani na nchini, na kikokotoo hakiwagusi. Sheria ya 2018 iliipa NSSF jukumu la kuwaandikisha, kwa michango ya hiari.

Nchi jirani

Kenya iliendelea kuwalipa watumishi wa serikali kutoka Hazina bila michango hadi tarehe 1 Januari 2021, ilipoanza kuwakata asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili na 7.5 kuanzia wa tatu, serikali ikiweka asilimia 15. Ni hatua ambayo Tanzania iliichukua mwaka 1999. Nchini Uganda mjadala ulikwenda upande mwingine: sheria ya mwaka 2022 ilimruhusu mwanachama wa NSSF ya huko mwenye umri wa miaka 45 na miaka 10 ya michango kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu.